Usiiue Huenda

Simu ya Mama ilinikuta darasani, chaki mkononi, nimewapa mgongo wanafunzi wa kidato cha nne. Sina mazoea ya kupokea simu mbele yao, lakini Mama si mtu wa kupiga ovyo. Ni mke wa mwalimu aliyenifundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa upande wa Malava, na sisi wote tuliopitia mikononi mwa mumewe tunamwita hivyo hadi leo. Nikatoka nje, nikasimama kando ya ukuta.

“Mulembe, mwanangu.”

“Mulembe, Mama. Mwalimu anaendeleaje?”

“Yuko hapa kwa kiti. Mguu imekuwa mbaya. Daktari wa Kakamega ameandika ripoti, makaratasi ya Kizungu tupu, na unajua macho yake imeisha. Mtu mwingine akitaka kumsomea, anakataa. Anasema wewe ndio umfupishie.”

“Nitakuja Jumamosi asubuhi.”

“Sasa sikiza.” Sauti yake ikashuka, nikajua amegeukia ukuta kama mimi. “Kijana wetu mkubwa amesoma hiyo ripoti, anasema wanataka kukata hiyo mguu Jumatatu. Hiyo usimwambie. Unamjua, anaogopanga daktari kuliko radi. Akisikia kukata, hatatoka hapa nyumbani. Msomee zingine zote. Hiyo moja uruke tu.”

Simu ikakatika kabla sijajibu.

Nilirudi darasani. Ubaoni nilikuwa nimeandika agizo ambalo nimeliandika tangu nianze kazi: fupisha aya tatu za kwanza. Huwa nawaambia wanafunzi wakate, kama nilivyoambiwa mimi: kata mifano, kata marudio, kata mapambo. Siku hiyo neno hilo sikulitamka. Nikawaambia wapunguze, nao wakatazamana.

Ili uelewe kwa nini niliogopa, lazima nikueleze mtu huyu alitufundisha nini, na kwa nini kumfupishia yeye, katika watu wote, ilikuwa kama kumpikia aliyekufundisha kupika, tena chakula chenyewe kikiwa kichungu.

Huenda uliacha shule zamani, kwa hiyo nikukumbushe. Katika mtihani wa lugha unapewa taarifa, yaani maandishi ya mambo ya kweli: ugonjwa, kilimo, misitu, usalama barabarani. Hakuna jini wala binti mfalme. Unatakiwa kutoa mambo makuu yaliyomo, hoja zote muhimu, kwa maneno yako mwenyewe, bila kuzidisha idadi uliyopewa. Basi. Unaanza na matayarisho, yaani rasimu, kisha unaandika nakala safi. Huo ndio ufupisho. Unaonekana mwepesi mpaka ushike kalamu. Kama wewe ulikuwa ukipata sufuri, usijidharau. Wengi wetu tulipata sufuri, na sababu yake haikuwa akili. Nitaifikia sababu hiyo.

Tulimwita Mwalimu wa Ufupisho. Alifundisha pia sarufi na fasihi, lakini kwa hayo hakuna aliyemwogopa. Ufupisho ndio uliotutoa jasho. Alikuwa mtu mwembamba, viatu vyake vya raba havikuwa na sauti, na alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako ukiandika, akihesabu maneno yako kimoyomoyo huku akigonga chaki kwenye mgongo wa kiti. Ulisikia kila neno lako likigongwa. Ukifika mwisho wa idadi, kugonga kukakoma, mkono wake ulipita begani kwako na kuchora mstari mnene chini ya neno la mwisho.

“Yanayofuata hayapo,” alisema.

“Lakini Mwalimu, hoja kubwa iko hapo chini.”

“Iko wapi? Mimi naona karatasi nyeupe.”

Nimekuwa mwalimu kwa muda sasa, na nakiri kwamba hata mimi huuchora mstari huo, kwa sababu mtahini naye huuchora. Lakini hofu ya mkono ule kutokea begani sijaisahau. Kulikuwa na wasichana waliokuwa wakikaa karibu na ukuta ili asipate nafasi ya kupita nyuma yao. Akawa anasimama nje, dirishani.

Wakati huohuo, na hapa ndipo watu huwa hawaniamini, sijawahi kusoma kwa mwalimu mpole kuliko yeye. Hakutupiga hata siku moja. Hakumwita mtu mjinga. Taarifa ilipotolewa, alituambia tuweke mikono chini ya dawati, tuisome yote kalamu zikiwa zimelala. “Usiingie nyumba ya watu na panga,” alisema. “Ingia, salimia, tazama. Ukishamaliza ndipo ujue cha kukata.” Kisha akatuuliza kila aya inasema nini, akatuacha tujibu vibaya, akapokea majibu mabaya kama mtu anayepokea kuku wa zawadi, kwa mikono miwili. Shuleni kwetu wengi walikuwa watoto wa wakulima na wakataji wa miwa. Kwa hiyo alitumia muwa. Majani uyaondoe, alisema, na ncha ya juu ambayo haina utamu. Lakini waangalieni wazazi wenu: wanainama mpaka chini kabisa, kwa sababu utamu mwingi uko karibu na udongo. Mvivu wa kuinama hukata katikati, akaacha shambani kilicho bora. Hoja nzito za taarifa, nazo, mara nyingi ziko chini, mwishoni mwa aya, pale macho yamechoka.

Alituchekesha pia. Kwetu huku ulimi haujali sana kati ya ra na la, na kalamu hufuata ulimi. Siku moja tulifupisha taarifa kuhusu shida za shule za vijijini, na mwenzetu Makokha akaandika kwamba wanafunzi wengi hushindwa kusoma kwa kukosa karamu.

Mwalimu aliisoma kwa sauti, polepole, uso mkavu.

“Makokha.”

“Naam, Mwalimu.”

“Hata mimi nimekosa karamu tangu Krismasi. Lakini si ninasoma?”

Darasa likaanguka kwa kicheko. Makokha mwenyewe alicheka hadi akalala juu ya dawati, na nadhani hakuna aliyekosea neno hilo tena.

Alikuwa mwoga. Nalisema bila kumvunjia heshima, kwa kuwa mwenyewe hakulificha. Aliogopa mbwa, akazunguka njia ya mbali kukwepa boma moja lenye mbwa ambaye, tulivyomjua sisi, hakuwa na meno. Aliogopa radi kupita kiasi. Anayeijua Kakamega anajua alasiri zetu: jua likiwaka vizuri asubuhi, kufika saa nane mawingu yanakuwa meusi upande wa msitu, na mvua ikishuka juu ya mabati huwezi kusikia hata mtu wa karibu yako. Hapo Mwalimu aliacha kusema, akaandika ubaoni. Radi ilipopiga, chaki ilivunjika mkononi mwake. Aliokota kipande, akaendelea kuandika, lakini herufi zilikuwa zikitetemeka, na sisi tuliokuwa tukimwogopa tuliona hofu yake, tukanyamaza.

Ilikuwa alasiri ya namna hiyo tulipojifunza neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

Taarifa ilihusu radi yenyewe na jinsi ya kujikinga nayo. Mwandishi alisema kwamba mtu akisimama karibu na mti mrefu wakati wa mvua, huenda akapigwa. Nje ya darasa letu palikuwa na mkaratusi mrefu kuliko jengo lote. Makokha, huyuhuyu wa karamu, aliinuka akasoma ufupisho wake: “Anayekaa karibu na mti mrefu hupigwa na radi.”

Mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa. Mwalimu akautazama mkaratusi kupitia dirishani, kisha akamtazama Makokha.

“Umetuua sote,” alisema.

Hatukucheka.

“Mwandishi alisema huenda. Wewe umeiua. Ulipoiua, na sisi tuliokaa hapa umetuua, maana mti ndio ule.” Akaweka chaki mezani. “Sikilizeni vizuri. Mwandishi mkweli anapokuwa hana uhakika, anaweka huenda, au pengine, au baadhi. Mkifupisha mnayaona ni maneno madogo, mnayatoa ili mpunguze idadi. Hayo si majani. Huenda ni nafasi ambayo msomaji anapumulia. Ukiitoa, umemsonga. Na mkikuta hakuna huenda, msimwekee. Mtampa pumzi ambayo mwandishi hakumpa.”

Tangu siku hiyo, mtu akiacha neno hilo, Mwalimu hakuandika maelezo marefu. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Usiiue huenda.

Nilisema nitaifikia sababu ya sufuri zetu. Walimu wengi hufikiri mwanafunzi huacha hoja kwa uvivu au kwa kutoelewa. Yeye aliamini kwamba mara nyingi mwanafunzi huiacha kwa hofu. Alimjua Nafula, aliyekaa dawati la mbele yangu. Baba yake Nafula alikufa trekta ya miwa ilipopinduka kwenye barabara ya kwenda kiwandani. Muda si mrefu baadaye tukapewa taarifa kuhusu usafirishaji wa miwa: barabara mbovu, mizigo iliyopitiliza, watoto wanaoning’inia nyuma ya trela wakichomoa miwa, na watu wanaofia humo. Nafula alifupisha vizuri sana. Barabara zilikuwepo, mizigo ilikuwepo, watoto walikuwepo. Vifo havikuwepo.

Mwalimu hakumpa sufuri wala alama. Aliandika: Naona ulichoruka. Njoo.

Walisimama nje karibu na tangi la maji kwa muda mrefu. Kupitia dirishani tulimwona Nafula akitikisa kichwa, na Mwalimu akisubiri tu, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye foleni. Nafula aliporudi, aliketi akaongeza maneno mawili mwishoni mwa nakala yake: Wengine hufa. Kisha akalia, lakini kimya, na Mwalimu akaendelea na somo kama kawaida ili tusimtazame.

Nilipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ileile, tukawa tunaketi pamoja katika chumba cha walimu, nilimuuliza alimwambia nini Nafula siku ile.

“Nilimwambia kila mtu ana hoja anayoiruka. Nikamwambia jicho linapoteleza haraka mahali fulani, arudi hapo. Hapo ndipo kuna jambo.”

“Na wewe, Mwalimu, unaruka ipi?”

Akacheka. “Mimi mtu mzima. Mimi naruka nyingi.”

Usifikiri basi kwamba alikuwa mtu wa maneno machache. Hapana. Huyu bingwa wa ufupisho hakuwahi kufupisha jambo lake mwenyewe. Kumsalimia ilikuwa kazi. Alikuuliza habari za mama, za mahindi, za ng’ombe, za jirani wa ng’ombe. Nilikula kwake Jumapili moja, Mama amepika ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, na Mwalimu akaombwa abariki chakula. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, watahiniwa, viongozi, na nilipofumbua jicho moja nikamwona Mama naye amefumbua la kwake, anautazama mchuzi unavyoganda.

“Mwalimu,” Mama alisema katikati ya sala, “hata Mungu anataka hoja.”

“Amina,” akasema haraka, tukala.

Nilimuuliza kuhusu hilo pia. Alisema kufupisha ni kwa mambo ya watu wengine. Ya kwako huwezi, kwa kuwa kila kitu unakiona kikubwa.

Kisha ikaja sukari. Huku kwetu, tunakoishi na miwa mpaka mlangoni, mtu akisema ana sukari, jirani humtania kwamba agawie wengine. Mwalimu alitaniwa hivyo, naye akacheka, akaendelea kunywa chai yake tamu mpaka macho yakaanza kuingia ukungu. Alipelekwa Kakamega kwa daktari wa macho. Akarudi mapema mno.

“Foleni ilikuwa ndefu,” alituambia.

“Hakukuwa na foleni,” Mama alisema. “Alifika kwa mlango, akanusa dawa, akageuka. Nilimkimbiza mpaka kwa barabara.”

Alicheka yeye, tukacheka sisi. Nikitazama nyuma naona tulicheka mahali ambapo tulipaswa kuogopa. Macho yakaenda. Akastaafu. Halafu, mwaka huu, akikagua miwa yake kwa kupapasa na fimbo, alikanyaga kisiki kikali cha muwa uliokatwa. Kilipenya raba na unyayo. Hakusikia chochote, kwa sababu sukari ilikuwa imeshaua hisia za mguu. Mama ndiye aliyeona damu sakafuni, akafuata matone mpaka kwenye kiti.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari yangu, ujumbe ulinifikia kwenye simu. Ulikuwa umeandikwa na kijana wao mkubwa, anayelima mahindi Lumakanda, kwenye kikundi cha familia, nao ukapita mkono hadi mkono mpaka kwangu: “Mzee anakatwa mguu Jumatatu. Tumwombee.” Chini yake watu walikuwa wameshaweka pole, kana kwamba kuna msiba. Kama ni kweli, Mama alikuwa ananitaka nimpeleke kipofu hospitali kwa uongo, azinduke hana mguu. Na kama nitasema, atabaki kwenye kiti kile. Sikuona njia ya tatu.

Jumamosi nilishuka barabarani nikaingia kwenye njia ya kwao, miwa imesimama pande zote mbili mpaka huoni mbele. Mama alikuwa ananingoja langoni. Alinishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa na unyevu.

“Jirani alikuja jana kulia hapa,” alinong’ona. “Nimemfukuza. Mwalimu ameuliza nani analia, nikasema ni redio.”

“Mama, siwezi kumdanganya.”

“Sikusema udanganye. Nimesema uruke. Si mlikuwa mnarukanga maneno huko shule?”

“Mama...”

“Mimi ndio nitabaki na yeye,” alisema, na hapo sauti yake ikavunjika. “Nyinyi wote mtaenda.”

Tulisimama hivyo mpaka sauti ikatoka ndani ya nyumba.

“Mnafanya matayarisho au nakala safi?”

Alikuwa ameketi karibu na mlango penye mwanga, japo mwanga haukumfaa kitu. Mguu wa kushoto uliinuliwa juu ya kigoda, umefungwa bendeji, na harufu yake ilikuwepo hata kabla hujavuka kizingiti. Alikuwa amekonda. Nilimsalimia kwa heshima, akaniuliza habari za shule, za watahiniwa, za mvua ya mjini, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani asiache kuuliza.

“Mama amekuweka sana pale langoni,” alisema mwishowe. “Amekwambia ukate nini?”

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitoka, nikasikia ndara zake zikienda jikoni.

“Ripoti iko mezani,” Mwalimu akasema. “Kiingereza cha madaktari sikitaki, kina mapambo mengi. Nipe maneno arobaini.”

Niliisoma yote, kalamu ikiwa imelala. Nitakuambia ukweli: macho yangu yalikuwa yakiteleza. Yalipita vipimo, yakapita majina ya dawa, yakatafuta mguu, yakaupata. Daktari hakuandika kwamba mguu utakatwa. Aliandika kwamba mgonjwa akilazwa mapema, watasafisha kidonda na kumpa dawa kupitia mshipa, na kwamba huenda wakalazimika kukata chini ya goti ikiwa dawa hazitafaulu. Huenda. Ilikuwepo. Kijana wa Lumakanda alikuwa ameiua kwa kidole kimoja, na Mama alikuwa anaogopa maiti ya neno hilo. Karibu nipige kelele kwa furaha. Nikashika kalamu.

Lakini jicho langu lilikuwa limeteleza mahali fulani, nami nilijua. Nikarudi. Ilikuwa chini kabisa ya karatasi ya mwisho, sentensi fupi ambayo katika simu zote, ujumbe wote na pole zote hakuna aliyeitaja. Niliisoma, nikaisoma tena, nikitafuta.

Mwalimu alikuwa akisikiliza kalamu yangu. Ilipokwaruza alitulia, iliponyamaza alikaza vidole kwenye mkono wa kiti. Nilihesabu maneno. Nilihesabu tena, kwa sababu nilitaka kuchelewa.

“Soma,” alisema.

Nikasoma: “Kidonda cha mguu wa kushoto kimeingia ndani na sukari iko juu. Ukilazwa sasa, watasafisha kidonda na kukupa dawa za mshipa. Huenda mguu ukakatwa chini ya goti, huenda ukapona. Ukibaki nyumbani, sumu itapanda mwilini na utakufa.”

Jikoni sufuria iligonga kitu, kisha kukawa kimya.

Mwalimu hakusogea. Midomo yake ilikuwa ikirudia maneno bila sauti. Nilijua anafanya nini, anatafuta ziada. Hakuipata. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya kumtoa mwanafunzi jibu bila kumtisha.

“Pale pa mguu umeweka huenda. Ni yako au ni ya daktari?”

“Ni ya daktari, Mwalimu.”

“Na pale pa mwisho. Pa kufa. Huenda iko wapi?”

Nilipitisha kidole chini ya sentensi ile, neno kwa neno.

“Haipo, Mwalimu. Niliitafuta.”

“Umeangalia vizuri?”

“Nimeangalia.”

“Angalia tena.”

Nikaangalia tena. Nataka uelewe kwamba hakuwa akinijaribu. Alikuwa akiomba. Ingenichukua neno moja dogo kumpa, naye asingeweza kuliona karatasini. Nililishika neno hilo mdomoni, nikahisi uzito wake.

“Haipo,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Mikono yake ilianza kutetemeka, akaikunja mapajani, haikutulia. Akaigeuza viganja juu kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba hana kitu.

“Naogopa,” alisema.

Nilisogeza kiti changu, nikaishika mikono yake, na tukakaa hivyo, mimi na mwalimu wangu, tukitetemeka pamoja. Sikumwambia asiogope. Ingekuwa ni kuongeza neno lisilokuwemo.

Baada ya muda aliita, “Mama!”

Mama alikuja na kitambaa cha mikono, macho mekundu, akanitazama kana kwamba nimevunja chungu chake.

“Umemwambia.”

“Amesema yote,” Mwalimu akajibu kwa ajili yangu. “Mpigie kijana wa Lumakanda. Mwambie alete gari.”

“Jumatatu?”

“Leo.”

Mama akashika fremu ya mlango.

“Na uniletee maji ya moto kwenye karai,” Mwalimu akaendelea. “Na sabuni.”

“Maji ya nini tena, na tunaenda?”

“Nitafika kwa madaktari na miguu michafu?”

“Daktari ana haja na mmoja tu.”

“Osha yote miwili,” alisema. “Bado ni yangu yote miwili.”

Akaleta karai, akapiga magoti sakafuni. Alianza na wa kulia. Aliusugua kisigino, akapitisha sabuni katikati ya vidole kimoja kimoja, akausuuza, akaukausha, akauweka juu ya gunia safi. Kisha akageukia ule wa kigodani. Bendeji iliacha vidole tu nje. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akabaki amekishika hewani, mkono hauendi mbele wala haurudi.

Mwalimu hakuwa akiona, lakini alisikia maji yamenyamaza.

“Huo nao,” alisema. “Huo nao, Mama.”